Kupima hewa ya udongo na isotopi za kaboni ili kutafuta mafuta yaliyovuja chini ya ardhi

Petroli ikivuja kwenye tangi la sheli, sehemu yake huelea juu ya maji ya ardhini, sehemu hunata kwenye udongo, na sehemu hugeuka mvuke unaopanda. Bakteria huanza kuila, na wakiila hutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa, yaani CO2. Oksijeni ikiisha, bakteria wengine huendelea bila hiyo na kutoa methani. Sampuli ya udongo hueleza habari za gramu chache tu za pale ilipochotwa. Hewa iliyo ndani ya udongo huchanganyika, kwa hiyo hueleza habari za eneo pana zaidi.

Wengi hutegemea pua na kipima mvuke, na hapo ndipo wanapokosea. Mvuke wa petroli ukikutana na oksijeni huliwa haraka. Unaweza kupata sifuri kwenye kina cha mita 1 huku petroli imetulia mita 3 au 4 chini yake. Alama inayobaki ni oksijeni iliyopungua na CO2 iliyozidi. Shida ni kwamba CO2 hutoka pia kwenye mizizi, samadi, choo cha shimo, mawe ya matumbawe na hata volkano. Isotopi za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, ndizo zinazotenganisha vyanzo hivyo, lakini vipimo vyake ni ghali na mara nyingi sampuli husafirishwa mbali. Kwa hiyo anza na vipimo vya bei nafuu kwenye visima vyote vya gesi (mashimo membamba yenye mrija wa kuchotea hewa ya udongo), kisha peleka maabara sampuli za visima vichache ambavyo bado vina swali.

Namba za kuwa nazo kichwani

Karibu 99% ya kaboni yote ni kaboni 12, na takriban 1.1% ni kaboni 13. Kaboni 14 ni kidogo mno, nayo huoza kwa nusu maisha ya miaka 5,730, yaani kila miaka hiyo ikipita hubaki nusu yake. Uwiano wa kaboni 13 kwa 12 huandikwa δ13C, ukilinganishwa na kipimo rejea kiitwacho VPDB, na huhesabiwa kwa elfu (‰). Namba ikizidi kuwa hasi, kaboni ni nyepesi zaidi.

CO2 ya angani ina karibu −8.5‰. Miti, minazi, mikorosho, mpunga na maharage huwa karibu −27‰. Mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za savana huwa karibu −12 au −13‰. Petroli na dizeli kwa kawaida huwa kati ya −25 na −30‰. Mawe ya chokaa ya baharini, pamoja na matumbawe ya pwani yetu, huwa karibu 0‰. CO2 ya volkano huwa kati ya −3 na −8‰.

Ukiangalia namba hizo utaona mtego: mafuta na miti vimekaribiana sana. Kwenye shamba la mikorosho, δ13C pekee haiwezi kutofautisha petroli na mizizi. Kwenye uwanda wa nyasi au shamba la mahindi, kipimo hichohicho hufanya kazi nzuri kwa sababu pengo linafika 15‰. Ndiyo maana kabla ya kulipia chochote ni lazima ujue nini kimeota hapo sasa, na nini kilikuwa kinalimwa zamani.

Kaboni 14 haina utata huo. Mafuta ya petroli yana umri wa mamilioni ya miaka, hivyo kaboni 14 yake imekwisha kabisa. Mizizi ya leo ina karibu 100% ya kaboni ya kisasa, na mara nyingi udongo huzidi 100 kidogo kwa sababu ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Tahadhari ni kwamba matumbawe ya kale na gesi ya volkano pia hazina kaboni 14, au zinayo kidogo sana. Anayefanya kazi Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Rungwe au Goma asisahau hilo. Mazuku ya Goma ni CO2 ya volkano, na kwa kaboni 14 peke yake ingeonekana kama mafuta.

Kabla ya kugonga chuma ardhini

Pata ramani ya matangi, mabomba ya mafuta, nyaya za umeme na mabomba ya maji. Pasipo ramani, chimba sentimita 60 za kwanza kwa mkono, na ukae mbali na matangi angalau mita 3. Mvuke wa petroli hushika moto ukifika takriban 1.4% ya hewa, na methani kati ya 5 na 15%. Zima simu, zuia uvutaji wa sigara, na usiingie kwenye shimo lolote. CO2 ya 4% inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha, na haina harufu ya kukuonya.

Panga visima kwa mstari unaoanzia pale unapodhani panavuja na kuelekea maji ya ardhini yanakotiririkia. Kisha weka visima vitatu au zaidi kwenye eneo safi lenye udongo uleule na mimea ileile. Hivi vya eneo safi ndivyo watu huvipunguza ili kuokoa fedha, na bila hivyo huna cha kulinganisha nacho. Sheli ikiwa imemwagwa zege na eneo safi likawa bustani, ulinganisho hauna maana. Tafuta eneo safi lililofunikwa pia.

Andika mahali vilipo vyoo vya shimo na makaro ndani ya mita 30 hivi. Choo hutoa methani na CO2 nyingi, lakini kaboni yake ni ya kisasa. Pia penye walaji wa ugali wa mahindi kaboni ya chooni huwa nzito kuliko ya miti, kwa hiyo δ13C nayo hukupa dokezo.

Usipime wakati wa masika. Mvua ya zaidi ya milimita 12 huziba vinyweleo na kuyeyusha CO2, kwa hiyo subiri angalau siku 5 baada yake. Udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa kiangazi hupasuka, na nyufa huingiza hewa ya juu hadi chini. Hapo chimba chini zaidi ya mwisho wa nyufa.

Kutengeneza kisima cha gesi

Kwa kila sehemu unataka vina vitatu: mita 0.5, 1.5 na kina kilicho sentimita 50 hivi juu ya maji. Kina kimoja hukupa namba tu, na vitatu hukuonyesha oksijeni inakwishia wapi. Sampuli ya kufanyia uamuzi isitoke juu ya mita 1, kwa sababu mabadiliko ya kanieneo ya hewa husukuma hewa ya nje ndani na nje ya udongo wa juu.

Toboa kwa keekee ya udongo ya mkono yenye kipenyo cha sentimita 5. Kama kuna zege, tangulia na drili. Mwisho wa mrija weka chujio dogo la chuma kisichoshika kutu. Tumia mrija wa nailoni au teflon wenye uwazi wa milimita 4. Mpira wa silikoni na mipira laini ya plastiki haifai: hunyonya mvuke wa mafuta na kupitisha CO2 ukutani.

Weka chujio, lizungushie sentimita 20 za mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa. Mchanga wa baharini una vipande vya kombe, usiutumie. Juu ya mchanga weka sentimita 30 za bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) kavu ya punje, ili maji yasiteremke kwenye chujio, kisha jaza bentonaiti iliyoloweshwa hadi kina cha chujio linalofuata, au hadi juu kwa chujio la mwisho, ukimimina kidogo kidogo na kushindilia. Watu wengi huziba kwa saruji kwa sababu ipo kila duka. Saruji mbichi hunyonya CO2, hupunguza kiwango chake na kubadili isotopi za inayobaki. Kama lazima uitumie, iwe sentimita 10 za juu tu za kulinda kifuniko.

Mwisho wa juu wa mrija funga vali ya njia tatu, ile ya hospitalini. Andika kina kwenye mrija wenyewe kwa kalamu isiyofutika, maana mirija mitatu ndani ya shimo moja hufanana. Acha kisima saa 48 kabla ya kupima. Kuchimba huingiza hewa safi, na ukipima jioni ileile utakuwa unapima hewa ya angani.

Kutoa hewa ya zamani na kukagua uvujaji

Kwanza hesabu hewa iliyokaa bure. Mrija wa mita 2 wenye uwazi wa milimita 4 una mililita 25. Mchanga wa sentimita 20 kwenye shimo la sentimita 5 una mililita 390 kwa ujumla, na vinyweleo vyake, tukichukua 35%, ni mililita 137. Jumla ni 162. Toa mara tatu ya hiyo, yaani karibu mililita 490, kwa kasi isiyozidi mililita 200 kwa dakika. Kwa sirinji ya mililita 60 ni mivuto 8, kila mmoja ukichukua sekunde 20 au zaidi. Ukivuta kwa nguvu, udongo hukataa na hewa hutafuta njia rahisi, ambayo ni pembeni ya mrija kutoka juu.

Kabla ya hapo fanya jaribio la ombwe: funga vali ya upande wa kisima, vuta sirinji hadi mililita 50, ishike dakika 1, iachie. Pistoni ikirudi karibu na sifuri, viungo vyako vimekaza. Ikibaki njiani, kuna mahali hewa inaingia, na mara nyingi ni kwenye vali.

Jaribio la pili ni la kuziba kwa kisima chenyewe. Funika kisima kwa ndoo iliyotobolewa tundu la mrija, jaza heliamu mpaka ifike angalau 20% ndani ya ndoo, kisha vuta sampuli na pima heliamu ndani yake. Ikizidi 5% ya kiwango kilicho ndani ya ndoo, kisima kinavuja: lowesha bentonaiti tena au kijenge upya. Heliamu ya kujazia maputo inatosha. Usitumie spiriti kama alama, kwa sababu mvuke wake huharibu vipimo vya petroli.

Kuna dalili ya uvujaji isiyohitaji heliamu. Ukiona oksijeni 10% na methani 10% kwenye sampuli moja, shuku kisima kabla ya kushuku ardhi. Bakteria hawaachi gesi hizo mbili zikae pamoja kwa wingi kiasi hicho.

Vipimo vya hapo hapo

Kipima gesi cha kubeba, kama kile cha kwenye dampo, husoma oksijeni, CO2 na methani. Kirekebishe asubuhi kwa hewa safi (oksijeni 20.9%) na kwa gesi ya silinda yenye kiwango kinachojulikana. Tatizo lake kubwa ni kwamba sehemu ya methani hutumia mwanga wa infraredi, na mvuke wa petroli hunyonya mwanga huohuo. Kwa hiyo soma mara mbili: moja kwa moja, halafu ukipitisha gesi kwenye chujio la mkaa amilifu. Mkaa hushika mvuke wa petroli na kuiachia methani. Tofauti ya namba mbili ni mvuke.

Kipima mvuke chenye taa ya urujuanimno ya 10.6 eV hakioni methani kabisa, ila methani ikiwa nyingi hukifanya kisome chini ya ukweli, na unyevu hufanya vivyo hivyo. Kwenye pwani yenye joto, weka kichujio cha unyevu na usiache mrija juani.

Sasa fanya hesabu. Kaboni ya mimea ikiliwa, kila molekuli ya oksijeni hutoa karibu moja ya CO2. Mafuta hutoa pungufu: kwa oktani, mojawapo ya viambato vya petroli, ni 8 kwa 12.5, yaani 0.64. Methani hutoa 0.5. Tuseme kisima kina oksijeni 4.0% na CO2 10.8%. Oksijeni iliyoliwa ni 16.9, na 10.8 kwa 16.9 ni 0.64. Zilizobaki kufika 100 ni 85.2, wakati hewani nitrojeni na argoni kwa pamoja ni 79 tu. Ziada hiyo inakubaliana na mafuta, kwa sababu oksijeni imetoweka nyingi kuliko CO2 iliyorudi. Lakini usikimbilie kutoa hukumu. CO2 huyeyuka kwenye maji kuliko oksijeni, na udongo wenye unyevu au chokaa unaweza kushusha uwiano wa mizizi kutoka 1 hadi kwenye 0.7 bila tone la petroli. Uwiano huu ni wa kuchagua visima vya kupeleka maabara.

Sampuli za isotopi

Kwa δ13C tumia chupa ya kioo ya mililita 12 yenye kizibo cha mpira wa butili, iliyotolewa hewa. Ingiza mililita 20 kwa sindano, ili ndani pawe na shinikizo kubwa kuliko nje. Chupa ikivuja njiani, gesi itatoka badala ya hewa kuingia. Choma kizibo mara moja tu. Chukua chupa mbili kwa kila kina, na kila siku ya kazi jaza moja kwa hewa ya angani. Isipotoka karibu na −8.5‰ (mjini hushuka kidogo kwa sababu ya moshi wa magari), kuna kitu kibaya kwenye sirinji au chupa. Zipimwe ndani ya wiki chache. Mifuko ya plastiki usiiamini zaidi ya siku mbili.

Kwa kaboni 14, mashine za kisasa huhitaji karibu miligramu 1 ya kaboni, sawa na mililita 2 za CO2. Gesi yenye CO2 10% inatosha kwa mililita 20, na yenye 1% inataka 200. Chukua mara mbili ya hesabu, kwenye mfuko wa tabaka za alumini au chupa ya chuma. Mashine ya aina hii kwa upande wetu wa Afrika ipo iThemba LABS, Johannesburg. Usifungashe sampuli ndani ya maabara inayotumia kaboni 14 kama dawa ya kufuatilia, kama baadhi ya maabara za tiba na kilimo. Vumbi lake kidogo tu huifanya petroli ionekane changa kuliko mti.

Kusoma majibu

CO2 nzito hutoka udongoni polepole kuliko nyepesi, kwa hiyo inayobaki ndani huwa nzito kwa angalau 4.4‰ kuliko chanzo chake. Ukipima −20.6‰ kwenye eneo safi, chanzo ni −25.0‰. Toa 4.4 kwenye visima vyote kwa usawa. Kwa sampuli za juu zilizochanganyika na hewa ya angani, tumia mchoro wa Keeling: weka δ13C kwa wima na 1 kugawa kwa CO2 kwa ulalo, chora mstari, na mahali unapokata mhimili wa wima ndipo pa kuanzia kutoa 4.4. Kaboni 14 usiifanyie hivyo, kwa sababu maabara hukuletea jibu lililokwisha kusawazishwa hadi −25‰.

Mahali pasipo chokaa wala volkano hesabu ni fupi: sehemu ya mafuta ni 1 toa kaboni 14 ya sampuli iliyogawanywa kwa ya eneo safi. Sampuli yenye 31 na eneo safi lenye 103 (kwa asilimia ya kaboni ya kisasa) hutoa 0.70.

Pwani kwenye matumbawe hesabu hiyo hudanganya, kwa sababu CO2 iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo hubadilishana kaboni na mwamba usio na kaboni 14. Hapo isotopi mbili hufanya kazi pamoja. Chukua mfano: sampuli ina kaboni 14 ya 28 na δ13C ya −19.0‰, yaani −23.4 baada ya kutoa 4.4. Eneo safi lina 103 na −25.0 kwa chanzo chake. Petroli iliyotoka kwenye tangi lenyewe imepimwa −28.0, na mwamba ni 0. Mizizi ni 28 kwa 103, yaani 0.27. Mafuta na mwamba kwa pamoja ni 0.73. Mizizi huchangia −6.8 kwenye δ13C, hivyo −16.6 iliyobaki ni ya petroli. Ukigawa kwa −28 unapata 0.59, na mwamba unabaki na 0.14. Kaboni 14 peke yake ingesema mafuta ni 73%. Mbele ya wakili wa mwenye sheli, pengo hilo linaweza kuangusha ripoti nzima.

δ13C ya CO2 ikipanda hadi −10 au chanya kwenye kina kisicho na oksijeni, na methani ikiwa −50‰ au nyepesi zaidi, hapo methani inatengenezwa na bakteria: methani huchukua kaboni nyepesi na kuiachia CO2 ile nzito. Inaweza kuwa ni mafuta, choo au dampo la zamani. Pima kaboni 14 ya methani yenyewe. Ikiwa ya kisasa, chanzo ni choo au taka. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ya miwa ni kesi ya peke yake, maana ethanoli nayo ni ya kisasa na ina δ13C ya miwa.

Mafuta yanaliwa kwa kasi gani

Mahali pa kujifunzia hesabu hii ni Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako bomba la mafuta ghafi lilipasuka Agosti 1979 na kumwaga karibu lita 1,700,000. Sehemu haikuweza kuondolewa, na watafiti wamekuwa wakipima gesi za udongo hapo tangu miaka ya 1980.

Weka juu ya udongo chombo kilichofungwa chenye kipima CO2, na soma ongezeko kwa dakika 2 hadi 3 tu. Ukiacha zaidi, CO2 iliyojaa ndani huzuia inayopanda. Chomeka ukingo wake ardhini siku moja kabla. Kila mikromoli 1 kwa mita mraba kwa sekunde, ikiendelea mwaka mzima, ni moli 31.6 za CO2, sawa na takriban gramu 450 za mafuta, au lita 0.6, kwa kila mita mraba.

Kabla ya kubadilisha, zidisha mtiririko huo kwa sehemu ya mafuta uliyoipata kwa kaboni 14, ukitumia gesi iliyochotwa ndani ya chombo kilekile na kuondoa mchango wa hewa ya angani iliyokuwemo. Rudia mwisho wa kiangazi na miezi miwili baada ya mvua. Penye zege kipimo hiki hakifai: gesi hutokea kwenye nyufa na kingo, na chombo kilichowekwa katikati ya sakafu kitakuambia kwamba hakuna kinacholiwa.